Boti ya Sadaka

Jumanne, tarehe kumi na nne Novemba, saa nne na dakika kumi asubuhi, kaka yangu Florian Wojtasik alitoka nyuma ya ukumbi wa parokia na kikombe chake cha kahawa, akaona nailoni ya boti imefanya ukungu kwa ndani.

Boti zote za kwetu hufungwa nailoni nyeupe kabla ya theluji. Fundi huipitishia moto mpaka inywee na kubana kila upande, asipite hata panya. Asubuhi ile baridi ilikuwa imegandisha maji kwenye ndoo. Ndani ya boti hakukuwa na mtu, betri zilikuwa zimetolewa, injini imekaushwa. Ukungu ule ulikuwa mahali pamoja tu, mpana kama sahani, kwenye kimo cha mdomo wa mtu aliyeketi. Ulififia. Kisha ukaja tena.

Boti ilikuwa ya Daktari Prewitt, mpasuaji wa huko kusini aliyekuwa akija Ziwa Huron kila kiangazi kustarehe. Mwezi wa Oktoba aliitoa sadaka kwa Chama cha Mtakatifu Yosefu cha parokia yetu, ambacho Florian alikuwa mwenyekiti wake. Kwetu watu hutoa boti zao namna hiyo kabla mwaka haujaisha, wakapewa barua ya kuwapunguzia kodi. Fomu inauliza injini ina umri gani, bodi ina ufa au haina, matairi ya tela ni mazima au yamechoka. Florian aliuliza yote na daktari akajibu yote. Hakuna aliyemuuliza kwa nini anatoa boti ya miaka minne, na mashuka yakiwa bado kitandani na vikombe kabatini. Daktari alitaka jambo moja tu: parokia iahidi kwa maandishi kuitunza na kuitumia boti miaka mitatu, isiiuze wala kuivunja, ili barua yake iwe na thamani kamili. Florian akatia saini kwa furaha. Alikuwa na nia ya kuwatoa wagonjwa wa nyumba ya masista kila kiangazi, wale ambao ziwa wanaliona dirishani tu, akawazungushe majini.

Siku ile ya ukungu alikata mlango mdogo kwenye nailoni, akaingia. Jioni alimwambia mkewe Bernadine kwamba chumba cha chini kilikuwa na joto, joto la jikoni kwenye watu, na kilinukia sabuni ya kuogea pamoja na magugu ya ziwani. Tangu hapo akawa anakwenda kila siku.

Jumapili baada ya Misa, Bernadine alinishika mkono mbele ya watu.

"Wifi, kaka yako kapata nyumba ndogo. Iko juu ya tela."

"Nyumba ndogo gani itanitaka na goti hili?" alisema Florian, na sote tukacheka.

Wiki ya tatu hakuna aliyecheka. Mikono ya Florian ilikuwa baridi hata akikaa karibu na jiko. Bernadine alimpikia pierogi, zile sambusa za kuchemsha zenye viazi ndani, akazisogeza pembeni akaomba maji, na baada ya maji akaomba mengine. Kila asubuhi mto wake ulikuwa umelowa, na ulinuka ziwa. Hospitali walimpima wasione kitu. Bernadine aliniambia jikoni, kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mtu chumba cha pili, kwamba anamwona mumewe anaondoka kidogo kidogo, na kwamba ile boti isipotoka pale atazika mtu kabla ya Noeli.

Siku iliyofuata, saa sita mchana, alimfuata. Jua lilikuwa linawaka juu ya theluji na kengele ya Malaika wa Bwana ilikuwa inalia, hivyo alijiambia kwamba saa kama ile hakuna cha kuogopa, lakini alipokaribia aliona nailoni ikiingia ndani na kutoka nje polepole, ikiingia na kutoka, ingawa hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani, na alipoinama kwenye ule mlango joto likampiga usoni na harufu ya sabuni ikamjaa kooni, akasikia sauti ya mumewe ikisema neno, ikinyamaza kwa muda ambao mtu mwingine angehitaji ili ajibu, ikisema tena, na katikati ya ule ukimya akasikia maji yakidondoka, tone baada ya tone, kutoka kwenye kitu ambacho Florian alikuwa amekikazia macho na yeye Bernadine hakukiona.

"Florian," alinong'ona. "Toka."

"Taratibu, mke wangu. Anaongea."

"Nani anaongea?"

"Mwanamke. Alianguka kutoka boti hii usiku wa sikukuu ya wafanyakazi, mwanzo wa Septemba. Aliita, Bernie. Aliita mpaka maji yakamjaa. Na yule aliyeshika usukani aligeuka, akamwona, akaongeza mwendo."

Bernadine alimvuta kwa ukosi wa koti mpaka nje. Kisha akampigia simu daktari. Alimweleza yote. Daktari hakuuliza mwanamke gani. Alisema tu, "Mama, mlitia saini miaka mitatu," akakata.

Polisi walisema hawana taarifa ya mtu aliyepotea ziwani. Padre Emeric, paroko wetu, alikuja mchana na maji ya baraka, nasi tukasali rozari kuizunguka boti. Maji yaligusa nailoni yakachemka, haki ya Mungu sisemi uongo, katika baridi ile yalichemka. Padre alishuka chumba cha chini peke yake. Alipotoka alituambia tuivunje.

"Mlichopewa ni kaburi la mtu. Kivunjeni leo hii, huyu aende kwa Mungu wake."

Florian alikataa. Hakupaza sauti. Alisema jina lake liko kwenye ile karatasi, na baba yetu hakutulea tuvunje neno tulilotia saini. Akasema pia, akimtazama Padre kama anayeona haya, kwamba mwanamke yule aliita watu na watu wakamwacha, na yeye hawezi kuwa wa pili. Padre alibishana naye hadi saa ya Misa. Bernadine alipiga magoti kwenye theluji akamshika miguu. Kaka yangu alimnyanyua, akampangusa magoti, akamwambia asubiri kiangazi tu.

Tulimkuta tarehe tisa Desemba, saa tatu asubuhi, ameketi chumba cha chini. Nguo zake zilikuwa kavu, viatu vikavu. Daktari wa wilaya aliyeupasua mwili alituita pembeni, akauliza mara mbili kama ni kweli hakutolewa majini, kwa sababu mapafu yake yalikuwa yamejaa maji ya ziwa.

Baada ya maziko baraza la parokia lilikaa. Baadhi walisema itafutwe parokia nyingine, mbali, ipewe boti, nayo itimize ile miaka. Bernadine alisimama na nguo zake nyeusi, akasema asiyetaka ivunjwe aje alale ndani yake usiku mmoja. Baraza likaamua ivunjwe. Kesho yake ikavutwa hadi jalalani, na fundi akawasha msumeno wa injini.

Alikata kuanzia mbele. Alipofika kwenye ukuta wa chumba, msumeno ulizimika wenyewe, na katika ule ukimya sote tulisikia, Padre, fundi, mimi, sauti ya kaka yangu kutoka ndani. Haikuwa ya kutisha. Ilikuwa sauti yake ya kila siku, ya mtu anayetafuta miwani.

"Bernie, ngoja kidogo."

Bernadine aliziba mdomo kwa mkono. Fundi alimtazama yeye. Nilimsogelea, nikajua kwamba akisema aache, ataishi na sauti ile maisha yake yote, na Florian ataishi mle ndani.

"Kata," alisema.

Fundi alikata. Maji yakatoka, kwenye boti iliyokuwa nchi kavu tangu Septemba, yakamwagika juu ya theluji kwa muda wa fungu zima la rozari. Yalipokwisha, hapakuwa na joto tena wala harufu.

Bwana, mpokee Florian, mwana wa mama yangu, aliyeshindwa kumwacha mtu anayeita. Mpokee na yule mwanamke ambaye hatukuambiwa jina lake. Wakaushe maji, uwape raha isiyo na mwisho. Amina.