Sharon na Njia Mbili za Uhandisi

Asubuhi hiyo nilikuwa uani kwetu Milanzi, napepeta ulezi. Upepo wa Ufipa ulikuwa mkali, nami nilikuwa nimejifunga vitenge viwili. Mkwe wangu Agnesi alikuwa anakoroga uji. Mwanangu Flavian alikuwa kimya. Na Flavian akinyamaza, ujue kuna jambo.

Jambo lilikuwa la binti yao, Sharon. Alikuwa amemaliza kidato cha sita, akapata nafasi mbili za kusoma uhandisi wa maji. Moja ilikuwa ya chuo kikuu. Nyingine ilikuwa ya chuo cha ufundi, ambako shahada yake ni ya vitendo. Alitakiwa kuthibitisha nafasi moja kabla ya jioni. Akichelewa, zote zinapotea. Sharon aliitaka ile ya vitendo. Baba yake hakutaka hata kuisikia.

"Kwenye jumuiya ya kanisani nimetangaza chuo kikuu," alisema. "Watu wamesali, wamepiga vigelegele. Sasa niwaambie anakwenda kuwa fundi bomba?"

"Baba, nitakuwa mhandisi."

"Mhandisi wa spana!"

Sharon akaanza kulia.

"Nyamaza, mke mwenzangu," nilimtania mjukuu wangu. "Nenda kamwite Cornelia."

Cornelia ni jirani yetu, mhandisi wa maji. Yeye alisoma chuo kikuu. Flavian akatabasamu. Alidhani amepata wa kumtetea.

"Shikamoo, mama," Cornelia alisema alipofika.

"Marahaba, mwanangu. Kaa, uji upo."

"Mhandisi, mwambie huyu ukweli," Flavian akadakia.

Cornelia akanywa uji kwanza, taratibu.

"Kaka Flavian, mimi nilisoma sana nadharia na hesabu. Ukitaka utafiti, au kufundisha chuoni, njia hiyo inakuandaa vizuri. Mwenzangu ofisini, Vitus, alisoma shahada ya vitendo. Naye alisoma hesabu, tena ngumu. Lakini muda mwingi alikuwa karakanani na kwenye miradi. Sote wawili ni wahandisi."

Nikaingilia. "Kumbe ni kama matuta yetu! Mimi najua kufukia majani kwenye tuta, yakioza ulezi unastawi. Bwana shamba anajua kwa nini."

Cornelia akacheka. "Umekaribia, mama, ila si hivyo hasa. Vitus anajua na kwa nini. Na mimi ilibidi nijifunze kushika spana. Tofauti ni kipi unakipa muda zaidi."

"Na akitaka kusoma zaidi?" Agnesi akauliza.

"Ataomba shahada ya uzamili, kama mimi. Ila kuna jambo moja msilipuuze. Kozi lazima itambuliwe na bodi inayosajili wahandisi. Ulizeni hilo hata kwa chuo kikuu. Mmeuliza?"

Hakuna aliyeuliza. Wiki nzima tuligombania jina la chuo tu.

Flavian akapiga simu mwenyewe kwa bodi hiyo. Akasikiliza, akakuna kichwa.

"Zote mbili zinatambuliwa?" akauliza tena kwenye simu. "Zote? Haya, asante."

Cornelia akamgeukia Sharon. "Ukikuta pampu imekufa, unatamani nini kwanza?"

"Kuifungua."

"Huyu!" Flavian akasema. "Alifungua hata redio yangu!"

"Nikairudishia, baba."

"Skrubu moja ikabaki nje!"

Tukacheka wote, na yeye pia. Kisha akashusha pumzi. "Haya, mwanangu. Thibitisha unayoipenda. Watu wa jumuiya nitawaeleza mimi."

Sharon akathibitisha pale pale.

Alisoma, akahitimu, akasajiliwa na ile bodi kuwa mhandisi mhitimu. Akapata kazi kwenye mradi wa maji wa kijiji kimoja upande wa Laela. Kijiji hicho kiko mlimani. Wanawake wake walikuwa wakishuka bondeni na ndoo, kisha wakipanda nazo wakihema.

Siku ya kufungulia maji tulikuwapo. Bomba likakohoa. Likatema tope jekundu. Watu wakarudi nyuma. Kisha maji yakaja, meupe, kwa nguvu! Vigelegele vikapaa. Mabibi wa umri wangu walicheza mpaka vilemba vikaanguka.

Flavian akajitosa katikati na koti lake la kanisani. Akakinga maji kwa viganja, akanywa, akapaza sauti: "Huyu ndiye mhandisi niliyemzaa!"

"Ulimzaa peke yako?" Agnesi akamuuliza, akammwagia ndoo nzima.