Mifupa Huanzia Miguuni

Jua lilikuwa linazama Kanzaki alipopanda treni ya behewa moja, kwenda milimani kutafuta maiti ya kutia katika kitabu chake cha mwisho. Ndiyo kazi iliyomtajirisha: kila riwaya, mtu afe relini. Na vifo hakuvibuni. Aliwachukua waliokanyagwa na treni kweli, akawabadilisha majina, akala kwa raha zake. Uchafu mtupu, lakini wasomaji waliupenda.

Mbele yake alikaa bibi mmoja, akila chakula chake cha boksi. Kanzaki akafungua lake alilonunua stesheni. Macho yake yalikuwa kwenye ratiba ya treni, akitafuta pa kumpitisha muuaji wa riwaya yake.

"Mwalimu, onja achari yangu ya figili," bibi alinong'ona, akimwita kwa jina la heshima wanaloitwa waandishi kwao, huku akinyoosha vijiti vyake vya kulia.

Bila kuinua macho, Kanzaki akaipokea kwa vijiti vyake.

Kijiti kwa kijiti...

Hapo akainua macho. Kwao watu hupokezana hivyo mahali pamoja tu: penye majivu ya maiti iliyochomwa, ndugu wanapookota mifupa kwa vijiti, kuanzia miguuni. Na harufu ile haikuwa ya figili. Ilinuka nywele zilizoungua.

"Binti yangu ulimweka ukurasa wa kwanza," bibi alisema. "Watu wakanunua. Sisi hatukumpata wote, Mwalimu. Vipande vingine vilibaki relini."

"Pole, bibi. Mimi mwandishi tu."

"Najua. Lakini anayeokota nasi ni ndugu, na ndugu hujazia palipopungua. Kula."

Akala. Mpaka leo hajui kwa nini. Kile kipande kilivunjika menoni kama chaki, kikaacha mafuta mazito ulimini.

Treni iliposimama, kiti cha mbele kilikuwa kitupu.

Nyumbani, akioga, alishika kidole kidogo cha mguu. Kikajikunja kama tambi. Ndani hamkuwa na mfupa.

Tangu hapo, kila mlo una kipande kigumu ndani ya wali. Akikitema, kinamrudia kwenye bakuli lijalo, na mwisho hukimeza. Miguu imebaki minofu mitupu inayonuka. Mkewe huiosha amegeuza uso. Madaktari wanatazamana tu.

Mchapishaji anasubiri. Kanzaki anaandika mbio, na mwenyewe anakiri hajawahi kuandika vizuri hivi. Mifupa ya nyonga ilikwisha juzi. Muuaji wa riwaya bado hajakamatwa, na asubuhi hii kidole gumba cha mkono wa kulia kimekataa kushika kalamu.