Kepu Mbili za Krenki

Binamu alikuwa ameshavuka geti la gereji, mfuko wa nguo begani, na fundi bado anamfukuzia maneno.

"Nenda! Mkono wa kula unao, wa kazi huna!"

Kisauti, binti wa fundi, alijibanza nyuma ya pipa la oili chafu. Jina hilo walimpa kwa makelele yake.

Yalianza asubuhi. Injini ya dereva wa teksi ilikuwa mezani, imepinduliwa tumbo juu. Krenki, ule mhimili mzito unaozungushwa na pistoni, ilikuwa imelazwa kwenye beringi mpya. Zilibaki kepu tano, vifuniko vya chuma vya kuibana. Kila kepu ina kiti chake, na fundi alikuwa amezigonga nukta, moja hadi tano. Binamu alizipanga vizuri kwenye sinia, akaenda kuteka maji. Kisauti akaja anaruka kamba, akalikumba sinia. Kepu zikatawanyika. Akazirudisha haraka haraka bila kufuta grisi aone nukta. Akaulize? Nani amuulize fundi! Anayeuliza mara ya pili huitwa kasuku mbele ya wateja.

Kwa kawaida fundi akikaza kepu moja huizungusha krenki kwa mkono. Ikigoma, hufungua atazame. Lakini siku hiyo dereva alikuwa amemsimamia kichwani; fundi akazikaza zote tano kwa mpigo, na krenki ikagoma.

"Vipi fundi, inakugomea?"

"Haijazaliwa ya kunigomea mimi!"

Akachomeka bomba kwenye mpini wa spana, akaivuta krenki izunguke kwa nguvu zote. Chuma kikalia. Alipofungua, kepu mbili zilikuwa zimebadilishana viti, beringi zake zimechubuka, na krenki ina mikwaruzo ya kunasa ukucha.

"Sinia kapanga nani?"

"Mimi, mjomba. Lakini nilizipanga sawa."

"Mama yako alikufa akakurithisha uongo tu?"

Mama huyo alikuwa dada yake fundi, tumbo moja, na tangu afe fundi ndiye aliyemsomesha Binamu. Binamu alifuta mikono. Alikwenda kukusanya nguo zake.

Sasa Binamu alikuwa anaikaribia kona. Kisauti akatoka nyuma ya pipa.

"Baba, ni mimi. Nililikumba sinia."

Fundi akamkazia macho. "Na umemsikiliza anatukanwa mpaka amefunga mfuko?"

"Ndiyo, baba."

"Kamrudishe."

Akakimbia, akamkuta kwenye kona. "Binamu, rudi! Nimesema ukweli. Baba anakuita."

"Umesema, ahsante," Binamu akajibu. "Lile neno juu ya mama yangu, nalo lilitoka kwenye sinia?"

Akaendelea na safari yake.

Kesho yake baba na binti walipeleka krenki kwa mama mmoja mchongaji vyuma. Walipomsimulia yote, aliipitishia ukucha, akaguna.

"Fundi mzima! Krenki ikigoma inakwambia kitu. Wewe unaijibu kwa bomba?" Akamgeukia Kisauti. "Na wewe mwanangu, kosa lako lilikuwa la kufuta kwa kitambaa tu. Ungesema mapema, lingeishia hapo kwenye kitambaa. Umelificha, baba yako akaliongeza jeuri. Sasa hii krenki nitaichonga ipungue, mtatia beringi nene zaidi, itazunguka. Mtoto wa watu mtamtilia beringi gani?"

Fundi alitazama chini. 

Krenki ilichongwa, ikafungwa kepu moja moja, ikizungushwa kwa mkono kila hatua. Teksi inatembea hadi leo. Dereva hupeleka gari kwa fundi mwingine. Fundi bado ana gereji, ila akiulizwa habari za mpwa wake huomba apewe spana. Kisauti hufuta kila nukta, huuliza mara ya pili na ya tatu, na hakuna anayemcheka. Binamu hakumaliza shule. Anasukuma mkokoteni wa vyuma chakavu, na akipita mbele ya gereji hageuzi shingo.