Tarumbeta Lililopulizwa Mapema

Kila jioni, Chiriku alipomaliza kuosha vyombo, alikaa mezani na madaftari yake huku baba akipiga tarumbeta uani. Jina la Chiriku alipewa na baba mwenyewe, kwa kuwa binti huyu wa miaka kumi na miwili alikuwa haachi kusema hata akiwa anapiga mswaki. Aliizoea sauti ya tarumbeta kiasi kwamba siku baba asipopiga, hesabu zilimgomea. Jirani wa ukuta wa pili hakuwa na mazoea hayo. Yeye alifunga madirisha kwa kishindo ili ujumbe ufike.

Siku za kazi baba alikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha rangi. Jumamosi alivaa koti jekundu lenye vifungo vya shaba, akawa mpiga tarumbeta wa kwanza wa bendi ya mji. Mshahara wa stoo ndio uliowalisha, lakini tarumbeta ndilo lililomfanya anyooshe mgongo.

Balaa lilimkuta mazoezini. Bendi ilikuwa inatembea huku ikipiga, baba akiwa amefumba macho kwa utamu wa wimbo, na mguu wake ukaingia shimoni. Tarumbeta lilimpiga mdomoni, na jino la juu la mbele likakatika mpaka kwenye mzizi. Tangu siku hiyo midomo yake ilikosa pa kuegemea, na sauti zikawa zinatoka zikipepesuka. Kibaya zaidi, uwanja mpya wa michezo ulikuwa unakaribia kufunguliwa. Bendi ingepiga, na katikati ya wimbo tarumbeta moja lingesikika peke yake mbele ya mji mzima.

"Nafasi hiyo ni yako," kiongozi wa bendi alimwambia baba. "Lakini ukiwa hujapona, nitampa kijana wa safu ya nyuma. Usinielewe vibaya, ndugu yangu."

Baba alielewa vizuri kabisa, na usingizi ukamruka. Ndipo alipoamua kwenda kupandikizwa jino. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Chiriku akapelekwa kumsindikiza, maana mwanamume huyu aliyeweza kupuliza mbele ya umati alikuwa akiona sindano anatafuta mlango.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Alimpiga baba picha ya taya, akaitundika kwenye taa, akawaonyesha mfupa.

"Mfupa unatosha, na fizi zako si mbaya," alisema. "Lakini sikiliza kwanza, mzee. Nitatoboa taya na kuingiza skrubu ndogo ya madini. Skrubu hiyo haishikwi na gundi. Ni mfupa wako wenyewe utakaoikumbatia, polepole, kwa miezi kadhaa, ndipo niweke jino la kudumu juu yake. Ikitikiswa kabla ya hapo, mfupa unaiacha. Kama una haraka, lipo jino la kuvaa na kuvua, au tunaweza kutengeneza jino linaloshikiliwa na meno ya jirani yake. Kila njia ina uzuri wake na ubaya wake."

"Nataka la kupandikiza," baba alisema.

"Haya. Una kisukari?"

"Sina."

"Dawa zozote unazotumia?"

"Hakuna."

"Unavuta sigara? Usinifiche, maana moshi unachelewesha kidonda kupona."

"Niliacha zamani, daktari."

Chiriku aligeuka kumtazama baba. Kila jioni moshi ulipanda nyuma ya tangi la maji, na watu wote wa nyumbani waliujua. Aliyedhani kwamba haujulikani ni baba peke yake.

"Na je, kuna kazi au mchezo wowote unaosukuma meno ya mbele?"

"Mimi ni mtunza stoo," baba alijibu huku akitabasamu kwa pengo lake. "Ninachosukuma ni madebe ya rangi, na nayasukuma kwa mikono."

Daktari akacheka. Chini ya kiti, kiatu cha baba kilikanyaga taratibu kiatu cha Chiriku. Chiriku, ambaye walimu walikuwa wakimtoa nje ya darasa kwa maneno mengi, siku hiyo akafunga mdomo.

Walipofika barabarani aliuliza, "Baba, mbona hukumwambia habari za tarumbeta?"

"Angenikataza, mwanangu. Uwanja haunisubiri mimi." Kisha akamshika bega. "Wewe hujasema uongo. Umenyamaza tu."

Chiriku aliyapokea maneno hayo kwa sababu yalimpa raha.

Skrubu iliwekwa, kidonda kikashonwa, na baba akapewa jino la muda la kuvaa ili asione haya mbele za watu. Aliambiwa ale vyakula laini, asafishe kinywa vizuri, asikose siku ya kurudi kuangaliwa. Wiki za kwanza alitii. Aliuma meno kila alipoliona koti jekundu ukutani, lakini alitii.

Halafu bendi ikaanza mazoezi ya wimbo wa uwanjani. Jioni moja baba alijifungia chumba cha kuwekea mizigo, akaziba mdomo wa tarumbeta kwa taulo, akapuliza kidogo. Haikumuuma. Kesho yake akapuliza kidogo zaidi.

"Kaa hapa mlangoni," alimwambia Chiriku. "Mama yako akiuliza, mwambie ni redio."

Mama alikuwa fundi cherehani, na mashine yake ilikuwa sebuleni. Alisimamisha gurudumu, akatega sikio. "Hiyo ni sauti ya nini?"

"Redio, mama," Chiriku alijibu.

Mama alimtazama kwa muda, kisha akaendelea kushona. Safari hii Chiriku hakuwa amenyamaza tu, na alilijua hilo vizuri.

Mwezi haukwisha kabla shavu la baba halijavimba. Fizi ilikuwa nyekundu, usaha ukitoka, na alipoigusa skrubu kwa ulimi ilicheza. Alienda kwa daktari shingo upande, Chiriku akiwa nyuma yake.

Daktari aliangalia, akagusa, akaangalia tena picha ya taya. Uso wake ulibadilika. "Sielewi," alisema. "Kila kitu kilikuwa sawa. Umefuata maelekezo?"

"Nimefuata yote," baba alisema. "Labda skrubu zenu ni mbovu."

Daktari hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Chiriku. Alimwona akitoa boksi la skrubu kabatini, akisoma maandishi yake kwa wasiwasi, akimwambia msaidizi wake, "Tusimamishe kwanza wagonjwa wa kesho. Huenda kosa ni letu." Mwanamke huyu alikuwa anajilaumu kwa jambo ambalo hakulifanya, na wagonjwa wengine wangerudishwa nyumbani bure.

"Daktari, skrubu zenu si mbovu," Chiriku alisema. "Baba anapuliza tarumbeta. Na sigara hajaacha. Mimi nilijua tangu siku ya kwanza."

Baba aliinamisha kichwa. Hakubisha, wala hakumkanyaga mtu mguu.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Nisamehe, daktari. Na maneno niliyosema juu ya skrubu zako, nayo nisamehe."

Daktari alivuta kiti, akakaa karibu nao. "Ungeniambia, nisingekufukuza," alisema. "Ningekueleza ukweli, kwamba mpiga tarumbeta anahitaji kusubiri zaidi kuliko watu wengine. Tungezungumza pia juu ya sigara kabla sijagusa taya yako. Pengine usingepiga uwanjani, lakini jino lingekuwepo. Sasa lazima niitoe skrubu, na sehemu ya mfupa imekwisha kuliwa. Itabidi tusubiri upone, na huenda tukalazimika kuongeza mfupa kabla ya kujaribu tena. Siwezi kukuahidi." Aliiweka picha ya taya mezani. "Na mimi nilipaswa kukuuliza kwa makini zaidi. Nilicheka mzaha wako, nikasahau kwamba hukulijibu swali."

Skrubu ilitolewa siku hiyohiyo, na baba akashika njia ya nyumbani akiwa na ganzi mdomoni na majuto moyoni. Chiriku alitembea hatua chache nyuma, akijua kwamba atagombezwa. Walipofika kwenye kona ya mtaa wao, baba alisimama akamsubiri. "Sina hasira na wewe," alisema kwa ulimi mzito. "Hasira zangu zote ni zangu mwenyewe."

Nyumbani Chiriku alimwendea mama penye cherehani, akalia kabla hajaanza kusema. "Mama, ile haikuwa redio."

"Nilijua," mama alisema. Aliweka mkasi chini. "Redio gani inayorudia mstari mmoja jioni nzima? Nilijua, mwanangu, nikaona nisimvunje baba yako moyo. Nilimwona anavyolitazama koti lake. Nikaendelea kushona." Macho yake yalijaa machozi. "Sote wawili tulikuwa tunampenda, na sote wawili tulimfichia siri. Kumwonea mtu huruma kwa kumfichia kosa lake si huruma. Kama kungekuwa na mmoja wetu wa kufungua mdomo mapema, leo angekuwa na jino lake."

Baba alisikia yote kutoka mlangoni. Jioni hiyo aliitoa pakiti ya sigara mfukoni mbele yao, akaitumbukiza kwenye pipa la taka. Haikuwa rahisi, na wiki zilizofuata alikuwa mkali kama pilipili, lakini hakuirudia.

Siku ya kufungua uwanja bendi ilipanga safu, makoti mekundu yakiwaka. Baba alikuwa nyuma kabisa, amebeba ngoma kubwa, kwani kiongozi wa bendi hakutaka kumpoteza. Wimbo ulipofika katikati, vyombo vyote vilinyamaza, na kijana wa safu ya nyuma akatoka mbele na tarumbeta lake. Alipiga vizuri mno. Chiriku hakumtazama kijana. Alimtazama baba, aliyekuwa amefunga midomo, na vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vikibonyeza hewani, sauti kwa sauti, mpaka mwisho.

Watu walipotawanyika, alimkuta ameketi juu ya boksi la vyombo, akifuta uso kwa mkono wa koti.

"Kijana ametia fora," baba alisema. "Nimemwambia hivyo." Kisha akamvuta Chiriku karibu. "Daktari akikuuliza jambo, mwanangu, anatafuta njia ya kukutibu. Mimi nilidhani anatafuta sababu ya kuninyima. Ukweli ungenigharimu siku moja hii. Uongo umenigharimu hii na nyingine nisizozijua."

Chiriku alimsaidia baba kuivua mikanda ya ngoma mabegani, wakaibeba ngoma pamoja hadi kwenye gari la bendi.