Dhiraa ya Mkono wa Nani?

Kila alfajiri Mejumaa alikaanga mahamri katika kichochoro kimoja cha Mji wa Kale, Mombasa. Mwaka 1994 alijenga jiko jipya la mawe, na wateja wakaongezeka. Jirani yake, Haifa, aliwatazama kutoka dirishani, roho ikimuuma. Hata Zein, mume wa Haifa, alinunua huko.

"Mahamri yangu huyali?" Haifa alimwuliza.

"Yako magumu, mke wangu."

Siku hiyo Haifa alitoa hati ya kiwanja alichorithi kwa babu yake. Hati ilisema: upana ni dhiraa ishirini kutoka ukuta wa msikiti hadi jiwe la mpaka. Jiwe lenyewe halikuonekana tena. Dhiraa ni urefu wa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati.

"Nipimie," alimwambia mumewe.

Zein ni mtu mrefu. Dhiraa yake ya ishirini iliishia mlangoni mwa jiko la Mejumaa.

"Jiko liko kwangu!" Haifa alisema. "Livunje, au tuonane kortini."

"Aka! Nilivunje, wanangu wale nini?"

Mejumaa ni mfupi. Alipima kwa mkono wake. Dhiraa ya ishirini haikuvuka hata dirisha la chumba cha kulala cha Haifa.

"Basi chumba chako cha kulala ni changu, shoga. Nihamie lini?"

Wateja walicheka. Zein aliona haya, akaenda kumwita Chengo, mpimaji ardhi mwenye leseni. Chengo alisoma hati.

"Haisemi ni mkono wa nani," alieleza. "Mikono hailingani. Tofauti ndogo ukiirudia mara ishirini, inakuwa kubwa. Tutafute ramani ya upimaji, kisha jiwe lenyewe. Jiwe lililowekwa na mpimaji lina nguvu kuliko kipimo kilichoandikwa."

"Na jiko likiwa upande wangu?" Haifa aliuliza. "Litavunjwa?"

"Tusubiri jiwe, Bi Haifa."

Chengo alipata nakala ya ramani katika ofisi ya ardhi. Alipima kwa utepe wa chuma, kisha akachimba. Jiwe lilikuwa chini ya baraza ya Haifa. Jiko lote lilikuwa kwenye ardhi ya Mejumaa, na ukingo wa baraza pia.

Haifa alimgeukia Mejumaa. "Utaivunja baraza yangu?"

"Ibaki," Mejumaa alijibu. "Lakini iandikwe."

Walikwenda kwa wakili. Mpaka uliandikwa kwa mita, pamoja na ramani mpya, na baraza ikabaki kwa idhini ya Mejumaa. Wote wawili walitia sahihi. Kesi haikufunguliwa.

Mwaka uliofuata Haifa aliamua kujenga jiko lake uani. Kabla fundi hajachimba msingi, alimwita Chengo aoneshe mpaka. Mejumaa alitoka kutazama.

"Litakuwa kubwa kuliko langu?"

"Kwa nusu mita," Haifa alijibu kwa furaha. "Uliza utepe."