Msichana wa Mstari wa Mbele

Kila Jumamosi asubuhi Ninahazwe hushuka ufukweni Kalundu pamoja na mama mzaa baba yake, Mama Bernardine, ambaye wajukuu wote humwita Koko. Huko huanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, na kuwageuza kabla jua halijapanda. Ndagala wasiogeuzwa kwa wakati huoza upande mmoja, na Koko hana subira na uvivu. Yeye ndiye msimamizi wa waanikaji wote pale, wanaume kwa wanawake. Zamani aliambiwa kuwa wanawake hawasemi mkutanini. Akasema, na dunia haikuanguka.

Jumamosi moja Ninahazwe alikuja amejifunika kitenge hadi machoni, akawa anakimbilia kivulini kila mara. Uso ulikuwa ukimwaka moto. Koko alipomuuliza, alijibu kwamba ameumwa na mbu.

Njia ya mwongo ni fupi. Ukweli ni kwamba familia ilikuwa ikijiandaa kwa dote, yaani sherehe ya mahari, ya dada yake Kankindi. Shangazi Marie, aliyesimamia maandalizi, alitangaza kuwa wasichana weupe ndio watakaotangulia na vikapu vya zawadi kichwani, ili picha zitoke vizuri. Weusi wangesaidia jikoni. Ninahazwe, mweusi tii, aliumia moyo. Rafiki yake Chance akampa kikopo cha krimu ya kung'arisha ngozi, naye akajipaka kwa siri siku nane. Badala ya weupe akapata mabaka, kisha malengelenge.

Koko alimfunua kitenge taratibu, akanusa shavu lake.

"Mbu wa Kalundu hawapaki mafuta," alisema. "Niambie, mama. Weye unajipaka nini ku uso?"

"Minye nilitaka kuwa mbele, Koko," Ninahazwe alijibu, akaangua kilio na kueleza yote.

Koko hakumgombeza. Aliwaachia majirani ndagala wake, akampeleka mjukuu kituo cha afya. Muuguzi alimwagiza aitupe krimu ile siku hiyohiyo, kwa sababu baadhi ya krimu za aina hiyo huwa na zebaki, sumu inayodhuru hata figo. Akampa dawa ya kutuliza vidonda.

Kutoka hapo walikwenda moja kwa moja Kilibula kwa Shangazi Marie, binti wa Koko. Ninahazwe alitamani ardhi ipasuke immeze. Marie alijitetea kwamba ndivyo watu wanavyopenda siku hizi. Koko alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kreti za vinywaji zitabebwa na nani. Marie akamtaja mwanawe Lionel na vijana wenzake, kwa sababu wana nguvu.

"Lionel iko mweusi kuliko huyu," Koko alisema. "Uliangalia rangi yake?"

Marie alitikisa kichwa kukataa.

"Muvulana unamupima kwa kazi. Musichana unamupima kwa ngozi, kisha unamutuma jikoni. Minye sikukulea vile, Marie."

Marie aliinamisha kichwa, na kabla chai haijapoa alikuwa amemwomba mtoto msamaha. Wakakubaliana kwamba vikapu vitabebwa na yeyote, msichana au mvulana, anayeweza kutembea navyo kichwani bila kuvishika. Lionel alijaribu, kikapu kikamwangukia miguuni, akacheka kuliko wote. Ninahazwe alivuka ua mara mbili, shingo imenyooka, mikono kando.

Siku ya dote ilipofika, mabaka yalikuwa bado usoni. Sasa Ninahazwe mwenyewe aliomba abaki jikoni. Koko alimvuta kando ya turubai, akamshika mikono yote miwili.

"Kosa yako ilikuwa kunidanganya, na hiyo imeisha," alimwambia. "Ngozi yako haikukosea mutu. Ukijificha leo, kesho mutoto mwingine atatafuta kikopo kama kile. Usiombe mutu ruhusa ya kuwa muzuri. Enda mbele, wakuone vile uko."

Ninahazwe alijitwisha kikapu akatangulia. Alitembea mikono kando, na akina mama wakampigia vigelegele hadi mwisho wa ua.

Baada ya sherehe mpiga picha alitaka kuyafuta mabaka yale kwenye picha. Shangazi Marie ndiye aliyemkataza.