Jasusi Nyumbani kwa Mzee Mwishehe

“Kheri, ukuta wa mashariki si haukuwa na askari?”

“Nani kakwambia?”

“Jasusi wangu!”

Mwanakheri alicheka kwenye simu mpaka akakohoa.

“Jasusi wako nilimkamata zamani, Mudi. Sikumuua. Nikamgeuza wangu, akawa anakupelekea habari ninazotaka mimi. Jeshi lako lote limekwisha. Haya, zamu yako.”

Mudathir, fundi simu wa Kwa Mathias, naye akacheka, ila kicheko cha mdomoni tu. Mchezo huu wa kujenga miji na kupigana kwa zamu ndio uliowakutanisha, yeye Kibaha, Mwanakheri na cherehani yake Kisarawe. Kushindwa kwenye simu hakukumuuma. Kilichomla ni wivu. Mwanakheri akichelewa kujibu ujumbe, huyu bwana hali, hanywi.

Basi akafanya upuuzi. Akamtafuta Zuleha, binamu yake Mwanakheri anayelala naye chumba kimoja, akambadilishia kioo cha simu bure kwa sharti moja: awe anamweleza kila kitu. Kheri anaongea na nani, anakwenda wapi. Mwanaume mzima, jamani!

Ijumaa Zuleha akatuma ujumbe:

“Shem, kesho baada ya adhuhuri wanakuja wazee kutoka Mlandizi. Wanaleta posa.”

“Jabiri!” Mudathir alifoka peke yake.

Jabiri muuza vitambaa alikuwa mtu wa Mlandizi, na kila picha aliyoweka Mwanakheri mtandaoni hakukosa kuipenda. Mudathir alikuwa na simu mkononi. Angempigia tu Mwanakheri amuulize. Hakupiga, maana angeulizwa amejuaje.

Kesho yake akaazima pikipiki, akafika Kisarawe kwa Mzee Mwishehe, baba wa Mwanakheri, akaingia bila hata hodi.

“Mzee, huyu binti ni wangu! Jabiri na watu wake waondoke!”

Aliyasema hayo akiwa katikati ya mkeka na viatu vyake miguuni. Wageni wawili wenye kanzu wakageuka. Mmoja alikuwa mshenga, Mzee Hemedi. Wa pili alikuwa Mzee Abdulkadiri, mkulima wa Mlandizi, baba yake mdogo Mudathir, ambaye Mudathir mwenyewe alimsumbua tangu mwaka uanze akamposee. Mzee alikuwa amemwambia asubiri mpunga uvunwe kwanza.

“Vua viatu,” Mzee Abdulkadiri alisema taratibu, bila kumtazama.

Mudathir akavua.

“Shi... shikamooni.”

Hakuna aliyeitikia.

“Niliona niwahi, nikufurahishe,” alisema baba yake mdogo. “Kumbe nimekuja kuaibishwa ugenini.”

Mzee Mwishehe aliuliza, “Kijana, nani kakwambia kuna wageni hapa?”

Mudathir akatazama chini. Alitamani ardhi ipasuke. Nyuma ya pazia Zuleha akaanza kulia, na Mwanakheri akatokeza, amejifunika khanga.

“Zuleha alikuwa mpelelezi wake, baba. Aliniambia yote wiki iliyopita, nami nikamwambia aendelee. Ujumbe wa jana niliutunga mimi, na ni kweli tupu: wazee kutoka Mlandizi wanaleta posa. Habari za Jabiri kazileta yeye mwenyewe.” Akamgeukia Mudathir. “Nilisema ngoja nione kama utaniuliza. Simu nimeishika usiku kucha, Mudi.”

“Ni kweli, mzee,” Mudathir alisema, machozi yanamdondoka mbele za wazee. “Nilikuwa namchunguza. Naona aibu. Nisameheni.”

Mzee Mwishehe akamwelekea binti yake.

“Barua ya posa ya watu hii hapa. Unasemaje?”

Binti akiulizwa hivyo akanyamaza, wazee huhesabu amekubali. Wote wakasubiri anyamaze.

“Kwa leo sina jibu, baba,” alisema Mwanakheri, akarudi ndani.

Wiki nzima Mudathir alikaa kibandani kama mgonjwa. Baba yake mdogo hakupokea simu zake, na Mudathir aliona mzee ana haki. Kwenye mchezo zamu bado ilikuwa yake. Mwishowe akaufungua, akawaondoa majasusi wake wote kwenye miji ya Mwanakheri, mmoja baada ya mwingine. Halafu akaandika:

“Kheri, kuna mtu mwingine? Nakuuliza wewe.”

“Hakuna. Hajawahi kuwapo. Lilikuwa swali la kuniuliza tu, Mudi.”

Aibu ikampanda upya, masikio yakawaka moto. Akaiweka simu mezani katikati ya simu mbovu za watu. Ikalia tena.

“Baba ameniuliza tena leo kuhusu ile barua.”

Akaichukua, akaandika:

“Ukasemaje?”

“Nimenyamaza.”